Foto nyeusi-nyeupe za Kinshasa ya zamani: juu ya nini maisha ya kila siku yanastahili kupigwa foto?

Kama uko nyumbani, uliza wazee kama bado kuna foto ya zamani. Mara nyingi itatoka ndani ya sanduku, ndani ya Biblia, au nyuma ya fremu ukutani. Itakuwa nyeusi na nyeupe, kubwa kama kiganja, na pembe zake zimeanza kuliwa. Angalia vizuri: babu amesimama wima, mikono imenyooka, koti limefungwa vifungo vyote. Nyuma yake kuna pazia, ao ukuta wenye kuchorwa maua. Hacheki. Ni foto ya studio, ya kitambulisho, ao ya siku ya ndoa.

Sasa jiulize: siku ya kawaida babu huyo alionekana namna gani? Jioni akitoka kazini alipita njia gani? Kwenye kona ya avenyu walikuwa wanauza nini? Vijana wa wakati ule walisimama fasi gani kwa kupiga porojo? Foto ya studio haijibu maulizo hayo. Yenye kujibu ni foto ya barabarani, ile inayopigwa nje, kati ya watu, siku ambayo si sikukuu. Na foto za namna hiyo ni chache sana katika inchi yetu.

Leo tunazungumzia mji mmoja ambamo foto hizo zilipigwa na zingine zikabaki: Kinshasa, tangu wakati ilipoitwa Léopoldville. Tunazungumzia pia mtu aliyezipiga, Jean Depara. Tutaeleza namna foto nyeusi-nyeupe ilikuwa inatengenezwa, juu ya nini nyingi zilipotea, na namna gani sisi huku mashariki tunaweza kulinda zile zimebaki.

Léopoldville ilikuwa mji wa namna gani?

Kwenye uhuru, mwaka wa 1960, Léopoldville ilikuwa na wakaaji karibu 400 000. Leo Kinshasa inakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni 15. Lakini tayari miaka ya 1950 watu walikuwa wanashangaa namna mji unapanuka, kwani miaka 20 mbele ya uhuru walikuwa kama 50 000 tu. Vijana walitoka Bas-Congo, Kwango, Équateur, na wengine walivuka mpaka kutoka Angola. Walikuja kutafuta kazi, makuta, na maisha mengine tofauti na ya kijijini.

Wakoloni walikata mji sehemu mbili. Upande mmoja ulikuwa wa Wazungu, wenye majumba ya ofisi na barabara za lami. Upande wa pili ulikuwa wa Waafrika, na uliitwa cité. Katikati waliacha eneo tupu kwa kutenganisha pande hizo mbili. Usiku, Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea upande wa Wazungu bila karatasi. Asubuhi maelfu ya watu walivuka kwenda kazini, jioni walirudi cité, na hapo ndipo maisha yao yenyewe yalikuwa yanaanza: baa, muziki, mpira, misa, matanga, mapenzi.

Nani alikuwa na kamera wakati huo? Kwanza Wazungu. Mpolandi mmoja, Casimir Zagourski, alifika Léopoldville mwaka wa 1924 na akafungua studio. Alizunguka inchi na kutoa kadi za posta ambazo alizipa jina lenye maana ya « Afrika inayopotea ». Alitafuta watu wenye chale, mapambo na mavazi ya zamani. Mtu wa mji mwenye kuvaa suruali na kofia hakumvutia sana.

Kisha serikali ya kikoloni ilikuwa na shirika lake la foto, Congopresse. Wapiga foto wake walijua kazi, na foto zao ni safi. Lakini zilikuwa na kusudi: kuonyesha ulimwengu kwamba koloni inaendeshwa vizuri. Kwa hiyo unaona hospitali safi, shule yenye mistari ya watoto, mfanyakazi mbele ya mashini. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni Mkongomani mmoja, Joseph Makula, aliingia katika shirika hilo na akapiga foto nyingi za maisha ya Waafrika. Foto nyingi za huduma hiyo ya habari ya kikoloni leo ziko Ubelgiji, ndani ya jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles. Mkaaji wa Beni ao wa Kalemie mwenye kutaka kuziona kwa macho yake anahitaji viza.

Ile mambo ya cité saa mbili za usiku, nani angeipiga foto? Congopresse haikuwa na haja nayo. Ilibidi mtu wa mule mule ndani.

Fundi wa baiskeli aliyenunua kamera juu ya ndoa yake

Jean Depara alizaliwa mwaka wa 1928 huko Kibokolo, kaskazini mwa Angola. Hakusomea foto fasi yoyote. Mwaka wa 1950 alioa, na alitaka kubaki na kumbukumbu ya ndoa yake. Basi akanunua kamera ndogo ya aina ya Adox, iliyotengenezwa Ujerumani. Kazi yake yote ilitokea hapo.

Mwaka uliofuata alihamia Léopoldville. Kwa kula, alitengeneza baiskeli, alitengeneza kamera za watu, aliuza vyuma vya zamani. Foto ilikuwa kazi ya pembeni, kama vile leo mwalimu anavyofanya motari saa za jioni. Kisha akakutana na kijana mpiga gita, Luambo Makiadi, yule ambaye sisi wote tunamjua kwa jina la Franco. Mwaka wa 1954 Franco alimuomba awe mpiga foto wake. Mwaka wa 1956, mwaka ule ule ambao OK Jazz ilizaliwa, Depara alikuwa na studio yake, na jina aliloipa linasema yenyewe alikuwa mtu gani: « Jean Whisky Depara ».

Mchana alipokea wateja studioni kama wengine wote. Usiku alipachika kamera na flashi begani na kuzunguka baa. Fasi muziki ulikuwa unapigwa, naye alikuwapo. Alipiga foto za wachezaji, za wapendanao kwenye meza, za wasichana wenye kuegemea gari. Mchana wa siku ya mungu alienda kwenye bwawa la kuogelea, na vijana walimtunishia misuli.

Angalia jambo moja katika foto hizo: watu wanamwangalia. Wanajua yuko pale, na wanapenda awe pale. Ulaya kuna wapiga foto wakubwa wenye kusema kwamba foto ya kweli ya barabarani ni ile ambayo mtu hajui kama anapigwa. Kwa Depara ilikuwa kinyume. Alikuwa anakunywa na watu hao, anacheza nao, anajua majina yao. Mtu alichagua mwenyewe namna ya kusimama. Na ile namna ya kusimama pia ni habari: inakuambia kijana wa mwaka wa 1957 alitamani kuwa nani.

Macowboy wa Léopoldville

Mfano mzuri ni wale vijana walioitwa Bills. Miaka ya 1950 sinema ziliingia cité, na filme za macowboy wa Marekani zilipendwa sana. Vijana walichukua jina la Buffalo Bill na kujiita Bills. Walivaa jinzi, shati la miraba, kitambaa shingoni, kofia pana. Walipa vikartie vyao majina kama Texas na Dallas. Walitengeneza hata luga yao, Hindoubill, yenye kuchanganya Lingala na maneno ya fasi zingine, ili wazazi na polisi wasielewe.

Kwa wakubwa wa koloni, hao walikuwa wahuni tu. Ukisoma karatasi za serikali za wakati ule, utakutana na neno kama « watoto wahalifu ». Ni kweli kwamba walikuwa wanapigana na kusumbua wasichana. Wazee waliokaa Kinshasa wanaweza kukueleza. Lakini Depara aliwapiga foto, na foto inaongeza kitu ambacho karatasi ya polisi haina: unaona kijana mwenye umri wa miaka 18, amepiga pasi suruali yake, anacheza kuwa mtu huru katika mji ambamo saa za usiku hana ruhusa ya kuvuka avenyu fulani. Karatasi inasema alifanya nini, foto inaonyesha alijiona namna gani. Mwenye kutaka kuelewa kizazi kile anahitaji vyote viwili.

Vivyo hivyo kwa wanawake. Katika foto za Depara utaona wasichana wenye suruali, wenye sketi fupi, wenye nywele za kununua, wamekaa baa na glasi mkononi. Miaka ya 1970 Mobutu alileta siasa ya « authenticité ». Wanaume walikatazwa koti na tai, wakavaa abacost. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na wigi, na ikabidi wavae kitenge. Vijana wengi waliokua wakati huo waliamini kwamba mama zao na bibi zao walivaa kitenge sikuzote. Foto zinasema hapana. Mtu akikuambia « hivi ndivyo tulikuwa tangu zamani », foto ya siku ya kawaida inaweza kumjibu kwa upole.

Sekunde moja, tarehe 29 Juni 1960

Kuna foto ingine ya barabarani ya Léopoldville ambayo wasomaji wengi wameiona. Siku moja mbele ya uhuru, mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipita katika mji akisimama ndani ya gari lenye kufunguliwa juu, pamoja na Joseph Kasa-Vubu. Watu walijaa pembeni ya barabara. Mara kijana mmoja mwenye koti na tai alitoka kati ya watu na kunyang'anya upanga wa mfalme, kisha akakimbia nao. Mpiga foto Mjerumani, Robert Lebeck, alikuwa pale karibu. Alibonyeza.

Kijana alikamatwa hapo hapo, upanga ukarudishwa. Jina lake linajulikana: Ambroise Boimbo. Kama Lebeck asingebonyeza, kisa hicho leo kingekuwa hadithi tu ya wazee, na wengi wangesema ni uongo. Foto ilizunguka ulimwengu, na watu waliiona kama uhuru wenyewe umeshikwa mkononi.

Tunaitaja kwa sababu inaonyesha tofauti. Foto ya Lebeck ni ya siku kubwa, ya tukio. Mwandishi wa habari anaitafuta, gazeti linainunua, vitabu vinaiweka. Foto ya Depara ni ya jioni ambayo hakuna kitu kilitokea: watu wamekunywa bia, wamecheza, wamerudi nyumbani. Hakuna gazeti liliitafuta. Lakini bila foto za namna ya pili, ukiangalia historia ya Kongo utadhani kwamba watu wetu walikuwa wanaishi siku ya uhuru na siku ya vita peke yake.

Juu ya nini ilikuwa nyeusi na nyeupe?

Vijana wengine wanafikiri ni mtindo tu. Leo kwenye telefone unaweza kugusa fasi moja na foto yako inapoteza rangi. Wakati wa Depara haikuwa mtindo. Ilikuwa bei na kazi.

Filme ilikuwa utepe wenye kupakwa chumvi za fedha (si fedha ya makuta, ni ile ya pete na mkufu). Mwangaza ukigusa chumvi hizo, zinabadilika, lakini kwa macho huoni kitu. Mpiga foto anaingia katika chumba chenye giza kabisa, anaweka filme ndani ya dawa ya kwanza, na fasi zilizopata mwangaza zinageuka nyeusi. Kisha dawa ya pili inatoa chumvi zilizobaki, ili mwangaza usiharibu tena. Anaosha kwa maji mengi, anaanika. Hapo ana negatifu: nywele nyeusi zinaonekana nyeupe, kila kitu kinyume.

Halafu anapitisha mwangaza ndani ya negatifu mpaka kwenye karatasi, na karatasi nayo inapita katika dawa. Kinyume cha kinyume kinaleta sura yenyewe. Kwa karatasi anaweza kuwasha taa nyekundu na kufuata sura inavyotokea polepole. Ukikutana na mzee aliyefanya kazi hiyo, muulize. Wengi watakuambia kwamba dakika ile hawakuizoea hata baada ya miaka 20.

Kazi hiyo yote mtu aliweza kuifanya katika chumba kimoja cha parcelle yake, akiwa na maji, umeme kidogo na dawa mbili tatu. Filme ya rangi ilikuwa bei kali, na kuisafisha kulihitaji mashini na dawa ambazo studio ya cité haikuwa nazo. Kulikuwa na tatizo lingine. Filme za rangi za wakati ule zilipimwa juu ya ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak ilikuwa inatuma kwenye maduka ya kusafisha foto kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, ili mafundi warekebishe rangi kwa kumfuata yeye. Mtu mweusi katika foto hiyo alitoka kama kivuli chenye meno. Kwa nyeusi-nyeupe, fundi mwenyewe aliamua: alipima mwangaza juu ya uso wa mteja wake, na ndani ya chumba cha giza aliongeza ao kupunguza sekunde mpaka uso utoke vizuri.

Faida ya mwisho ilijulikana baadaye. Rangi zinakufa mapema. Angalia foto za rangi za miaka ya 1980 nyumbani kwako: zimegeuka nyekundu-nyekundu ao njano. Foto nyeusi-nyeupe ya mwaka wa 1955, kama ilioshwa vizuri na kukaa fasi pakavu, bado unaweza kumtambua kila mtu.

Namna foto zilibaki, na namna zilipotea

Kuanzia mwaka wa 1975 Depara alikuwa mpiga foto wa bunge, mpaka mwaka wa 1989. Wakati huo foto za rangi za bei rahisi zilikuwa zinaenea, na vyumba vya giza vilianza kufungwa kimoja kimoja. Dawa zilikosekana, karatasi ilikosekana. Wapiga foto walizeeka. Watoto wao walipohitaji fasi ya kulala, makartoni ya negatifu yalitoka nje. Zingine zililiwa na unyevu na wadudu, zingine zilitupwa pamoja na takataka. Nani angenunua negatifu ya mtu asiyemjua, amekaa baa mwaka wa 1961?

Negatifu za Depara zilipata bahati. Miaka ya 1990 watu wa Revue Noire, jarida la sanaa za Afrika lililotolewa Paris, walimfikia na wakaonyesha kazi yake. Yeye alikufa Kinshasa mwaka wa 1997. Mwaka wa 2015 foto zake zilitundikwa Paris, ndani ya Fondation Cartier, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyoitwa « Beauté Congo ». Foto ambazo mteja wa baa alilipa makuta kidogo ili amuonyeshe mchumba wake, leo zinauzwa kama kazi za sanaa.

Ni habari nzuri, lakini ina upande mchungu. Wengi katika foto hizo hawana jina tena. Chini yake wanaandika tu « bila jina, Kinshasa ». Yule msichana mwenye suruali alikuwa binti wa fulani, mama wa fulani. Pengine wajukuu wake wako Masina ao Bukavu na hawajui kwamba sura ya bibi yao iko ukutani Ulaya. Kukosa neno moja nyuma ya karatasi kulitosha kwa kupoteza hilo.

« Unanikamata foto juu ya nini? »

Mwandishi yeyote wa habari huku kwetu anajua sauti hiyo. Unatoa kamera sokoni, na mama mmoja anakugeukia: « Weye, unanikamata foto juu ya nini? Utaenda kuiuzisha Ulaya? » Hana kosa. Miaka mingi watu wamekuja, wamepiga foto ya shida yake, wameondoka, na yeye hakupata hata nakala. Tena kila mtu anajua kwamba karibu na kambi ya askari, daraja ao kiwanja cha ndege, kamera inaweza kukuletea mashaka makubwa.

Kinshasa ni vilevile. Mtoto wa Goma, Kiripi Katembo, aliyezaliwa mwaka wa 1979, alikutana na tatizo hilo alipotaka kupiga foto za barabara za mji mkubwa. Watu hawakupenda. Basi akageuza kamera kuelekea chini, kwenye madimbwi ya maji ya mvua yaliyojaa barabarani, na akapiga foto ya watu na nyumba vilivyoonekana ndani ya maji. Kisha akageuza foto juu chini. Mtu anaonekana anatembea juu ya mawe na takataka kama mwezini. Foto hizo ni za rangi, si nyeusi-nyeupe, lakini ni za ukoo mmoja na zile za Depara: siku ya kawaida, barabara ya kawaida. Nazo pia zilionyeshwa katika « Beauté Congo ». Katembo alikufa mwaka huo huo wa 2015, kwa malaria, akiwa na miaka 36.

Depara alipata ruhusa kwa urafiki, Katembo alitafuta njia ya kutomwonyesha mtu uso wake. Wote wawili wanatufundisha jambo lile lile: kabla ya kubonyeza, fikiri juu ya yule aliye mbele ya kamera. Salimia. Sema unaitwa nani na foto inaenda wapi. Akikataa, acha. Ukimwahidi nakala, mpelekee. Kwa mtoto, uliza mzazi. Na mtu aliyetendewa mabaya ao aliyekimbia vita, uso wake usiuweke fasi ambapo adui yake anaweza kumtambua.

Na sisi huku mashariki?

Andika jina la jimbo letu lolote kwenye telefone, tafuta foto, uone kitakachotokea: askari, hema, mistari ya watu wenye kubeba magodoro. Ni ya kweli, na ni lazima yaonyeshwe. Lakini hiyo si habari yote. Kuna msukuma chukudu anayeshuka mlima na viazi, kuna fundi cherehani kwenye baraza, kuna wamama wa ushirika siku ya kugawana makuta, kuna vijana wenye kusuka nywele jumapili asubuhi. Kama sisi wenyewe hatuwapigi foto, baada ya miaka 50 wajukuu wetu watadhani kwamba tulikuwa tunakimbia tu, siku zote.

Na zile chache zilizopigwa, tunazipoteza kwa njia zingine kuliko Kinshasa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya Goma na kuchoma nyumba na maduka. Mwaka wa 2021, tarehe 22 Mei, ilishuka tena. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, godoro, sufuria. Albamu inabaki. Familia nyingi hazina tena sura ya baba ao ya mama aliyekufa. Siku ya tatu ya matanga wanatafuta foto ya kuweka juu ya sanduku, wanakuta tu ile ya kadi ya mchaguzi.

Kwa hiyo hapa chini kuna mambo machache ambayo familia inaweza kufanya bila makuta mengi:

Kwanza, andika majina. Tumia kalamu ya risasi, polepole, nyuma ya foto: nani, wapi, mwaka gani kama unajua. Usitumie biki, wino wake unapenya ao unachafua foto ingine. Fanya hivyo wakati wazee wangali hai, sababu wao ndio wenye kujua.

Pili, usioshe foto ya zamani kwa maji ao kwa kitambaa kibichi. Pangusa vumbi kidogo kwa kitambaa kikavu na laini. Iweke ndani ya bahasha ya karatasi, fasi pakavu, mbali na jua na mbali na sakafu. Mfuko wa nailoni uliofungwa sana unashika unyevu, na foto zinashikana.

Tatu, usitupe negatifu. Hata kama huoni kitu, ndani yake kuna foto nzima, na mara nyingi ni safi kuliko ile karatasi.

Ine, piga nakala kwa telefone. Weka foto mezani karibu na dirisha, kwenye kivuli chenye mwangaza, bila flashi, na shika telefone sawasawa juu yake. Kisha tuma nakala kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Foto yenye kukaa katika telefone moja tu inaondoka pamoja na telefone hiyo siku inapoibwa.

Tano, piga foto za leo. Si harusi peke yake. Piga mlango wa nyumba, duka la kona, baba akinyoa ndevu, mama akipepeta mchele. Chagua chache kwa mwaka na uzitoe kwenye karatasi. Ukitaka zidumu, muulize fundi wa studio karatasi ipi inakaa muda mrefu.

Depara hakununua ile Adox ili aandike historia ya mji. Alitaka kumbukumbu ya ndoa yake. Zingine zilifuata kwa sababu alikuwa na kamera mkononi na alipenda watu wa kartie yake. Leo karibu kila nyumba ina kamera ndani ya mfuko wa mtu. Jioni hii, mbele ya umeme kukatika, ombeni mzee wa nyumba akae barazani, mpigeni foto mahali anapokaa kila siku, kisha muulizeni majina ya wale walio ndani ya sanduku.